Namna ya Kuposa Corvette ya 1967

Tangazo umeshaliona. Corvette Sting Ray ya 1967, paa la turubai la kukunja, rangi ya Marina Blue, injini ya V8, "imekarabatiwa kuanzia nati ya kwanza hadi ya mwisho". Picha ishirini na nne, zote zimepigwa jua likizama, na katika kila moja boneti inameremeta kama sinia la harusini. Leo peke yake umezifungua mara tano. Usiku umeota unashuka barabara ya mlimani, upepo kichwani, na asubuhi umemuuliza mwenzako kama gereji yenu ina nafasi.

Mtu aliyefika hapo haambiwi asiende. Huambiwa namna ya kwenda. Kwetu pwani kazi hii ina utaratibu wake wa tangu na tangu, unaitwa posa, nami katika miaka yangu ya Marekani nimenunua, nimekosa na nimejutia magari haya ya kutosha kusema kwamba sijaona utaratibu mwingine unaoufikia.

Basi tuanze na mshenga. Mposaji haendi mwenyewe, kwa sababu uso wake haujui kuficha. Muuzaji akishaona mkono wako unavyoupapasa usukani, bei imejiandika. Tuma mtu aliyewahi kuitoa bodi ya Sting Ray kwenye chasisi yake na kuirudisha, mtu ambaye kucha zake zinaonyesha kazi aifanyayo. Marekani wapo. Wengi utawapata katika National Corvette Restorers Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1974, chenye watu wanaojua kichwa cha bolti fulani kilikuwa na alama gani katika miezi ya mwanzo ya uzalishaji na ikabadilika lini. Mlipe mshenga ada yake yote, na nauli, na chakula cha mchana. Hakuna fedha utakayoitoa katika safari hii yote itakayokurudishia faida zaidi ya hiyo.

Wewe ukisisitiza kufuatana naye, sawa, lakini uvae nguo za kulalia chini. Aliyekuja na suruali nyeupe amekuja kutazama uso.

Halafu wazee huuliza ukoo, na vizuri ujue jibu kabla ya kuuliza. Ukoo huu ulitambulishwa mbele za watu Januari 1953 katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, kupitia gari dogo jeupe lililotoka mikononi mwa Harley Earl na wachoraji wake wa General Motors. Mwaka huo yalijengwa magari 300 tu, huko Flint, Michigan, yote meupe kwa nje na mekundu kwa ndani. Yalipendeza machoni kuliko barabarani: injini ya silinda sita, gia ya otomatiki ya hatua mbili, milango isiyo na kitasa cha nje wala kioo cha kupandisha. Wanunuzi hawakuja kwa wingi uliotarajiwa, na gari likakaribia kufutwa. Kilicholiokoa ni injini ya V8 iliyoingia mwaka 1955, pamoja na mtu mmoja: Zora Arkus-Duntov, mhandisi mzaliwa wa Brussels, mtoto wa wazazi wa Kirusi, ambaye aliliona gari kwenye maonyesho yale ya New York, akawaandikia General Motors barua, na kabla mwaka haujaisha alikuwa mwajiriwa wao. Ngurumo unayoisikia leo chini ya boneti ile ya buluu ina asili yake katika barua hiyo.

Sting Ray ni kizazi cha pili, 1963 hadi 1967, kikiwa na umbo lililosimamiwa na Bill Mitchell na magurudumu ya nyuma ambayo kila moja hucheza peke yake. Mwaka wa mwisho, wetu huu, yalitengenezwa magari 22,940, na kati ya hayo 14,436 yalikuwa ya paa la kukunja. Hesabu hiyo uiweke mfukoni. Muuzaji akikuambia kwamba haya ni adimu kama meno ya kuku, mjibu kwa upole kwamba ya wazi yaliyashinda ya paa la kudumu kwa idadi. Lililo adimu ni lile ambalo bado lina injini ambayo lilitoka nayo kiwandani, na karatasi zinazosema kweli.

Karatasi zianze na namba. Chini ya dashibodi, karibu na kisanduku cha glavu, kuna bati dogo. Litaanza na 194677S1. Tulisome taratibu: 194 ni Corvette, 67 ni paa la kukunja (la kudumu lingekuwa 37), 7 ni mwaka, S ni kiwanda cha St. Louis, Missouri, na tarakimu sita za mwisho ni zamu ya gari kwenye mstari wa kuunganishia. Kwa mwaka 1967 zamu zinaanzia 100001 na kuishia 122940. Gari lililoandikwa 37 halafu leo lina paa la turubai limekatwa kichwa na mtu, na hapo mshenga anywe maji, ashukuru, aage.

Kisha injini. Mbele ya bloku, upande wa abiria, chini kidogo ya silinda hedi, kuna uso mdogo wa chuma uliosawazishwa, na juu yake pamegongwa mihuri miwili. Mmoja ni wa kiwanda cha injini: tarehe na herufi za aina. HE ni injini ya inchi za ujazo 327 yenye nguvu za farasi 300 na gia za mkono. JE ni ile kubwa ya 427, farasi 435, kabureta tatu. Mwingine ni wa St. Louis, nao lazima ufanane na tarakimu za mwisho za bati lile la dashibodi. Vikifanana, watu wa fani hii husema namba zimekubaliana, na bei hupanda ngazi nzima kwa neno hilo moja.

Ndiyo maana neno hilo hughushiwa. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari jekundu la mwaka huu huu huko Ohio, kutoka kwa mtu ambaye simtaji, na namba zake zilikubaliana kama mapacha. Sikutuma mshenga. Miezi minne baadaye mzee mmoja aliinama na tochi, akautazama uso ule wa bloku kwa muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya kufariji mgonjwa: mistari iko wapi? Kiwanda kilipousawazisha uso ule kiliacha mikwaruzo myembamba iliyonyooka, inayotoka mbele kwenda nyuma, kama uzi uliotandikwa kwenye kitanda cha mfumaji. Wangu ulikuwa laini kama kioo. Kuna mtu aliusaga, akagonga namba mpya kwa mihuri yenye umbo sahihi la herufi, kwa nafasi sahihi, hata kwa kina kilichokaribiana na cha kiwanda. Fedha iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba yule alikuwa fundi hodari kweli kweli, na uhodari wote ule aliutumia kuandika uongo juu ya kazi ya fundi mwenzake wa St. Louis.

Hata hivyo usije ukaidharau injini ya kambo. Injini nyingi za asili zilipasuka zamani, mikononi mwa vijana waliozinunua ili zipasuke, na aliyeweka nyingine akasema wazi kwamba ni nyingine hana kosa. Kwa anayetaka kuliendesha gari kila Jumamosi, mimi ningemshauri atafute hilo kwanza. Litamgharimu kidogo na litamwachia usingizi.

Sasa mwili. Hapa ndipo wanunuzi waliozoea magari mengine hupotea, kwa kuwa wanakuja na sumaku. Sumaku husaidia kwenye gari la bati: pale isiponasa ujue pamejazwa puti. Corvette bodi yake ni faibaglasi, hainasi popote. Ukiwa na jamaa anayetengeneza boti za faibaglasi Mombasa au Zanzibar, mpigie simu yeye, maana ujuzi ni ule ule: pitisha mkono, sikiliza mlio wa kidole, tazama rangi kwa pembeni kwenye taa ndefu. Halafu tazama ndani, na huko ndiko kwenye siri. Vipande vya kiwandani vilishindiliwa kwenye kalibu za chuma, kwa hiyo ni laini pande zote mbili. Kipande kilichotandazwa kwa mkono baadaye huwa laini nje na kwa ndani kina nyuzi kama kifuu cha nazi. Ingiza kichwa chini ya mabawa ya mbele, tafuta kanda za kuunganishia pale vipande vilipokutana. Zikiwa zimekatwa au zimepachikwa mpya, gari hilo liliwahi kugonga kitu, au kitu kililigonga.

Utaambiwa kwamba Corvette haishiki kutu. Kwa ngozi ni kweli. Mifupa ni habari nyingine. Chini ya faibaglasi ile, kuzunguka sehemu ya abiria, kuna kiunzi cha chuma ambacho Wamarekani wanakiita tundu la ndege, na kikianza kuoza kwenye nguzo za kioo cha mbele hakuna rangi itakayokuambia. Inua kapeti. Fungua vifuniko vya pembeni mwa miguu ya dereva na abiria. Kisha lala chali, na ile sehemu ya chasisi inayopanda juu mbele ya magurudumu ya nyuma uigonge kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hukohoa.

Mpaka hapo mshenga amekuwa mkali, na sasa nataka awe na jicho la huruma, kwa sababu jambo ninalolijali kuliko yote katika mwongozo huu halimo kwenye kutu wala namba.

Gari linaweza kukarabatiwa hadi likafutika. Kiwanda cha St. Louis hakikutengeneza vito. Kilitengeneza magari kwa kasi ya zamu, watu wakipokezana, rangi ikitoka na vinundu kama ganda la chungwa, milango ikiwa na upenyo mpana juu kuliko chini. Wafanyakazi waliandika kwa chaki na kalamu za nta kwenye chasisi, kwenye difu, kwenye ukuta wa mbele: tarakimu, mkwaju wa kuonyesha kwamba bolti hii imekazwa, herufi ambayo aliyeiandika peke yake ndiye aliyeijua. Ukarabati wa kupendeza macho husugua vyote hivyo, halafu humimina juu yake rangi nzito inayong'aa ambayo mwaka 1967 haikuwepo. Waamuzi wa chama kile nilichokitaja hulikata pointi gari kama hilo kwa kuwa zuri kupita kiasi, na kwa maoni yangu wana haki kabisa. Wanachotafuta ni mkono wa mtu wa kiwandani, pamoja na haraka yake.

Nilielewa jambo hili vizuri zaidi Bowling Green, Kentucky, ambako Corvette zinajengwa tangu 1981 na ambako makumbusho yake ya kitaifa yalifunguliwa mwaka 1994. Alfajiri ya tarehe 12 Februari 2014 sakafu ya ukumbi wa makumbusho hayo ilizama, ardhi ya chini ikiwa imeliwa na mapango, na magari manane yakadidimia shimoni. Hakuna mtu aliyeumia. Yalipotolewa, ulizuka mjadala ambao kila mnunuzi wa gari la kale angepaswa kuupitia moyoni: tuyarudishe yote kama yalivyokuwa? Wakaamua matatu yakarabatiwe na matano yabaki vile vile, yamebondeka, yakiwa na udongo. Moja la yale matatu ni Corvette ya milioni moja, nyeupe, ya 1992, ambayo wafanyakazi walioiunda walitia sahihi zao kwenye sehemu zake za ndani. Mafundi wa General Motors walihangaika kuziokoa sahihi zile, zile zile ambazo bodi ikishafungwa hakuna mtu anayeziona. Ukiona vyaelea vimeundwa, na pale walitaka waundaji wabaki na gari lao.

Nilisimama mbele ya yale yaliyoachwa na udongo wake kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo, nikifika kwa muuzaji, swali langu la kwanza si "limekarabatiwa vipi?" Huuliza: "mliacha nini?" Muuzaji mwema huchangamka. Atakuonyesha mkanda wa kiti uliofifia, ufunguo wa asili, au stika ya orodha ya vifaa vya kiwandani. Hiyo stika ina kisa cha kupendeza: ilibandikwa juu ya tanki la petroli, mahali pasipoonekana mpaka tanki lishushwe, na kuna magari yaliyoibeba karatasi hiyo miongo mitano bila mwenyewe kujua kama bado ipo. Ikiwepo, inasomeka, na inakubaliana na gari, umepata barua ya ukoo iliyoandikwa na wazazi wenyewe.

Mengine nayapita upesi. Omba uikute injini baridi. Weka kiganja kwenye boneti kabla ya salamu kuisha, na ukikuta joto, uliza liliamshwa kwa nini kabla hujafika. Omba taa za mbele zifunguliwe, kwani hujificha na kugeuzwa na mota mbili za umeme, na jicho moja likifumbuka huku jingine limelala, kuna kazi inakungoja. Omba paa lipandishwe. Picha za tangazo huonyesha paa limekunjwa, na turubai lililosinyaa huonekana siku ya mvua. Kilomita usizisome: kipimo kinahesabu maili, na baada ya 99,999 hurudi sifuri, hivyo maili 41,000 zinaweza kuwa 141,000. Breki za diski zilikuja kwa magurudumu yote manne tangu 1965, nazo ni nzuri, ila silinda zake zilikuwa zikiliwa na kutu kwa kuwa mafuta ya breki hunyonya maji. Uliza kama zimewekwa vikombe vya chuma kisichoshika kutu. Na ukitafuta mlango wa buti, acha kutafuta. Haupo. Mzigo unapitia nyuma ya viti, kwa hiyo sanduku kubwa libaki nyumbani.

Kama unawaza kulileta Afrika Mashariki, fikiri mara mbili. Usukani uko kushoto, na Kenya kwa kawaida haipokei gari lililozidi miaka minane. Posa hii inafaa zaidi kwa aliyeko kule kule, na ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili huko Kentucky na Missouri si haba.

Tumefika kwenye mahari. Mwaka 1967 gari hili liliuzwa kuanzia dola 4,240.75, na mabomba ya moshi ya pembeni, viti vya ngozi au redio vililipiwa juu yake. Bei ya leo itapatikana kwa mazungumzo, nami nakuomba uzungumze ukiwa na adabu. Aliyekarabati gari kwa uaminifu mara nyingi ametumia zaidi ya atakachopokea. Usimhesabie jioni zake kana kwamba hazikuwa kitu. Lakini na yeye akuonyeshe faili: risiti, na hasa picha za chasisi ikiwa tupu, kabla ya rangi. Aliyeyafanya hayo kwa moyo hawezi kukosa picha zake, kwa sababu alikuwa akijivunia. Pasipokuwa na picha ya mifupa, lipa kama mtu ambaye hakuonyeshwa mifupa, na umwambie hivyo hivyo.

Mkikubaliana, andikishianeni, hakikisha namba ya hati ya umiliki ni ile ya bati, tarakimu kwa tarakimu, kisha lichukue ukaliendeshe. Gari la kale linalokaa tu huoza mipira yake, na petroli ya siku hizi yenye kilevi hugeuka uchafu ndani ya kabureta. Nunua mafuta ya injini yenye zinki ya kutosha, kwani kemshafti ya enzi zile inayahitaji. Toka nalo asubuhi, paa chini, gia ya pili, ukiwa kwenye barabara yenye kona, na uisikilize ile V8 inapovuta pumzi kabla ya kuunguruma.

Itafika siku utalipeleka kwa fundi, alipandishe kwenye jeki, aanze kusafisha chini. Kaa karibu. Huenda kwenye difu, chini ya masizi ya zaidi ya nusu karne, ikajitokeza alama ya chaki iliyofifia, mkwaju mmoja wa mtu wa zamu ya St. Louis. Fundi atakuwa tayari na kitambaa chenye petroli. Mshike mkono.